Marashi ya mafuta ya kutengeneza nyumbani: mwongozo kamili kwa sisi wa Lamu tunaoishi na joto na unyevu

Jamani nimeona niandike yote mara moja manake maswali ni yale yale. "Marashi yangu yananukia nikiwa mlangoni, nikifika uwanja wa Mkunguni hayapo." "Mafuta yangu ya asmini yamefanya utando mweupe." "Nimetia karafuu, shingo imeniwasha usiku kucha." Na kila nikimuuliza mtu alifanyaje, jibu linaangukia pale pale: ama maji yameingia kwenye mafuta, ama chupa nzima imejaa harufu za kutangulia tupu, limau juu ya chungwa juu ya mchaichai, na hizo kazi yake ni kuja na kuondoka. Hao wa kuwashwa ni kipimo tu, ntaeleza.

Tunatengeneza marashi ya mafuta, hayana spiriti, unapaka kwa ngozi na ukiingia msikitini huna wasiwasi. Ya spiriti nimeyagusia chini huko.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Mafuta ya kuchanganyia. Haya ndio yanabeba harufu. Yawe hayana harufu kali yake yenyewe na yasichache haraka. Bora kuliko yote ni jojoba, kwa sababu kwa asili yake ni nta ya maji maji wala sio mafuta kamili, ndio maana haichachi kirahisi, tabu ni bei na pengine uagize Mombasa ama Nairobi. Ya pili ni mafuta ya nazi yaliyosafishwa mpaka hayanukii nazi. Ya tatu, na haya tunayo karibu kwa sababu simsim inalimwa huku Lamu ya bara, ni mafuta ya simsim yaliyokamuliwa bila kukaangwa, yana kinga yake ya asili ya kuzuia kuchacha na harufu yake ni ndogo. Yaliyokaangwa usitie kabisa, utanukia kashata.

Mafuta ya nazi ya kupika mwenyewe, yale ya kuchemsha tui mpaka mafuta yakajitenga, ni mazuri kwa nywele lakini kwa marashi hapana. Bado yana chembe za maji na chicha ndani, yatachacha, na nazi itaimeza asmini.

Mafuta tete. Ndio yale ya vichupa vidogo vyeusi ama vya kahawia, yaliyotolewa kwenye mmea wenyewe kwa mvuke, au kwa kukamua maganda kama ya chungwa na limau. Kwa kuanzia huhitaji zaidi ya sita: pachuli, ubani, jeraniamu, langilangi, karafuu, chungwa tamu. Ukiwa na nafasi ongeza vetiva, seda, iliki na lavenda.

Vyombo. Vichupa vya roloni vya kioo vya 10 ml, vile vya gololi ya chuma mdomoni. Vichupa vidogo vya kioo vya kuhifadhia mchanganyiko. Chupa mbili za jamu. Sirinji za 1 ml na 10 ml bila sindano kutoka duka la dawa. Kitambaa cheupe cha pamba na karatasi za kuchujia kahawa. Daftari na kalamu, na hili sio pambo, usipoandika hutaweza kurudia. Tepu ya karatasi ya kubandika majina.

Vikombe vya plastiki weka mbali. Mafuta ya chungwa na limau yanayeyusha baadhi ya plastiki, hasa vile vikombe vyeupe vyepesi vya chai ya kubeba, utashangaa kikombe kimelegea mkononi na marashi yote yana plastiki ndani. Hata sirinji usiache mafuta yakae ndani yake, vuta, mimina, futa.

Usinunue feki

Hapa nakaa kidogo kwa sababu pesa nyingi zinapotea hapa. Madukani kuna vitu viwili vinavyofanana kwa macho: mafuta tete ya mmea, na mafuta ya harufu ya kiwandani yaliyoandikwa jina la ua. Hayo ya pili si haramu kuyatumia, wengine wanayapenda, ila hayo sio marashi ya asili na vipimo vyangu havitayafaa.

Angalia jina la kisayansi la mmea kwenye lebo. Karafuu ya kweli itaandikwa Syzygium aromaticum, langilangi Cananga odorata, pachuli Pogostemon cablin. Kama imeandikwa tu "Jasmine" na picha ya ua, rudisha rafuni.

Angalia bei. Muuzaji akikuuzia waridi, chungwa na udi kwa bei moja, hapo hakuna waridi wala udi. Kilo moja tu ya mafuta ya waridi inakula zaidi ya kilo 3000 za petali, haiwezekani ikawa sawa na maganda ya machungwa ambayo kiwanda cha juisi kingeyatupa.

Alafu jaribu kwa karatasi. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, acha hadi kesho. Mafuta tete mepesi yatapotea bila kuacha duara la grisi. Likibaki duara linalong'aa kama karatasi ya bajia, yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Ila usimhukumu pachuli na vetiva kwa mtihani huu, hao ni wazito na wana rangi yao, wataacha alama hata wakiwa safi.

Karafuu ni rahisi kupata safi kwa sababu Pemba wanakamua, na mtu akija kutoka huko mwambie akuletee. Lakini uliza kama ni ya karafuu yenyewe ama ni mafuta ya makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Ya makonyo ni makali zaidi puani na hayana ule utamu.

Na msandali. Ule wa kwetu, Osyris lanceolata, ulipigwa marufuku kuvunwa Kenya tangu 2007 kwa sababu ulikuwa unang'olewa mpaka mizizi. Kwa hivo ukiuziwa mafuta ya sandali ya bei ya kutupa na muuzaji hajui yametoka wapi, ama ni feki ama ni ya magendo. Ya Kihindi ya kweli ni ghali sana. Ubani na seda pamoja na pachuli kidogo vinafanya kazi yake vizuri tu.

Hatua ya 1: Kausha vyombo mpaka vikauke kweli

Osha vichupa kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kung'uta. Alafu viweke juani vikiwa vimelala ubavu mchana mzima, ama kwenye oveni ya moto mdogo kabisa kama unayo. Vizibo na gololi futa kwa kitambaa ukaushe mbali na moto.

Sababu ni kwamba mafuta peke yake hayaoti ukungu, maji yaliyojificha ndani ndio yanayoota. Na sisi huku hewa yenyewe ni maji, hasa masika, chupa iliyosuuzwa asubuhi na kuwekwa kivulini jioni bado ina jasho ndani. Ziba chupa, iweke palipo na baridi dakika chache, ukiona umande kwa ndani irudishe juani.

Hatua ya 2: Mafuta ya asmini (kama unataka, na mimi nakushauri utake)

Unaweza kuruka hatua hii ukatumia mafuta matupu. Lakini kama una mti wa asmini uani au jirani anao, hapa ndipo marashi yako yatatofautiana na ya dukani.

Usichemshe asmini. Usichemshe, hata kama umeona video. Moto unaua harufu yake, ndio maana hata viwandani hawaitoi kwa mvuke kama karafuu. Asmini lina tabia moja nzuri, likishachumwa linaendelea kutoa harufu kwa masaa, basi kazi yetu ni kuliweka kwenye mafuta yainyonye harufu ikitoka.

Chuma vitumba vilivyonona vinavyotaka kufunguka, saa za jioni kabla ya magharibi, wakati ule ule wanaochuma kwa ajili ya vikuba, vile vishada vya maua vya kuvaa. Siku ya mvua usichume. Umande ukiwa umeshaanguka umechelewa, subiri kesho. Toa ile sehemu ya kijani ya chini, manake ndio inaleta harufu ya majani.

Yatandaze kwenye kitambaa kikavu ndani ya nyumba kwa saa moja au mbili. Yatalegea kidogo, hiyo ndio tunataka, maji ya juu yamekwenda.

Tia kwenye chupa ya jamu, mimina mafuta ya kuchanganyia mpaka yafunike kabisa. Ua linaloelea nje ya mafuta ndilo litakalooza, lizamishe kwa kijiko. Funika mdomo kwa kitambaa na ufunge kwa mpira, usizibe na kizibo, unyevu unataka pa kutokea. Weka kabatini.

Baada ya masaa 24, sio zaidi ya 36, chuja. Usikamue maua! Mkono unatamani kukamua ili usipoteze mafuta, na ukikamua tu umeshatia maji ya ua ndani. Acha yadondoke yenyewe.

Mafuta yale yale yatie maua mapya. Rudia. Mara ya kwanza na ya pili utanusa na kusema hamna kitu, wengi wanaacha hapo. Kuanzia mara ya tano ndio inaanza kuonekana, na ukifika saba hadi kumi ni asmini kweli.

Mwisho acha mafuta yatulie chupani siku tatu bila kutikisa. Maji yakiwepo yatashuka chini, utaona kama tone la kioo au ukungu mwembamba chini ya chupa. Mimina taratibu ya juu, ya chini yaache, usiyaonee huruma, paka nywele leo leo. Kisha pitisha kwenye karatasi ya kahawa iliyo kavu.

Ukifanikiwa mafuta ni maangavu, harufu ni laini na inakuja ukipaka, haikupigi ukifungua chupa. Ukiona povu dogo, mawingu yasiyotulia, ama harufu ya siki au ya mboga iliyolala, maji yaliingia, mwaga uanze upya. Hayaokoki hata ukiyachemsha.

Waridi kwa njia hii linatoa kidogo sana, usijichoshe. Kilua, ua lingine la kunukia, linakubali, kwa wale wenye ndugu wa kuwaletea.

Hatua ya 3: Zijue harufu zako moja moja

Kata karatasi ya kahawa vipande virefu vyembamba. Kila kipande tone moja la mafuta tofauti, andika jina na saa. Nusa papo hapo, baada ya nusu saa, baada ya masaa manne, na kesho asubuhi. Andika unachosikia kwa maneno yako, "kama sanduku la bibi", "kama dukani kwa fundi seremala", yoyote.

Utaona wenyewe wanajipanga. Chungwa, limau, mchaichai wanakwenda mapema, hao ni wa kutangulia. Jeraniamu, langilangi, lavenda, iliki, karafuu wanakaa masaa, hao ni wa kati. Pachuli, vetiva, ubani na seda kesho bado wapo, hao ndio wa kubaki. Na sasa unaelewa kwa nini marashi yako ya limau na mchaichai yaliishia njiani, ni kama timu yenye washambuliaji kumi na moja bila kipa.

Usinuse zaidi ya tatu nne kwa mpigo, pua inachoka na haikwambii kuwa imechoka. Toka nje, ama nusa kiwiko chako mwenyewe, kisha urudi.

Kabla sijasahau: kuna watu wanakamulia ndimu kwenye chupa ya marashi. Ile juisi ni maji na asidi, harufu iko kwenye ganda. Juisi itaharibu mafuta na itakuchoma ngozi juani.

Hatua ya 4: Kipimo, na kwa nini huwezi kwenda kwa kukisia

Tone ishirini ni kama 1 ml, kwa makadirio, manake tone la vetiva nzito ni kubwa kuliko la chungwa. Kwa chupa ya 10 ml tunatumia jumla ya matone 20 ya mafuta tete na 9 ml ya mafuta ya kuchanganyia. Hiyo ni asilimia 10, kwa marashi ya kupaka sehemu ndogo ni sawa. Kwa mafuta ya kujipaka mwili mzima ni mengi mno, usifanye.

Ndani ya hayo matone 20 kuna wakali ambao hawavuki mpaka wao. Karafuu ni tone 1 tu kwa 10 ml, yaani nusu asilimia. Langilangi vile vile tone 1, kwanza mawili yanaleta kichwa kuuma. Mchaichai tone 1. Mdalasini wa gome usitie kabisa kwenye kitu cha ngozi, mpaka wake ni mdogo kiasi kwamba hata tone moja kwa chupa hii limezidi. Wengi wa hawa "ni vya jikoni" na ndio maana watu wanavidharau, lakini mafuta ya karafuu sio karafuu ya pilau, ni mzigo mkubwa wa karafuu uliokamuliwa kwenye kichupa.

Na jua letu. Begamoti, na limau au ndimu ya kukamuliwa baridi, zinaifanya ngozi iungue juani, unabaki na mabaka meusi shingoni miezi. Mtu anayevuka na boti kwenda Mokowe saa sita mchana asithubutu. Chungwa tamu haina tabia hiyo, ndio maana nimeichagua.

Mjamzito amuulize daktari kwanza, mwenye pumu aende pole pole, na mtoto mchanga asipakwe haya marashi hata ya kumfurahisha bibi yake.

Mchanganyiko wa kwanza, wa jioni na wa harusi:
Ubani matone 6, pachuli 4, jeraniamu 4, chungwa tamu 4, langilangi 1, karafuu 1. Mafuta ya kuchanganyia yawe yale ya asmini, 9 ml.

Mchanganyiko wa pili, mkavu zaidi, kaka zetu wanaupenda:
Seda matone 5, ubani 4, vetiva 3, lavenda 3, chungwa tamu 3, iliki 2. Mafuta 9 ml, ya jojoba ama simsim.

Fanya hivi vilivyo mara ya kwanza. Ukishajua unavyonukia ndio ubadilishe, na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukiona pachuli inakunukia udongo mno, punguza mbili uongeze mbili za ubani, jumla ibaki 20.

Hatua ya 5: Jaribu kwa karatasi kabla ya kuchanganya

Chukua vile vipande vya karatasi vyenye harufu, vishike pamoja kama upepeo, pepea mbele ya pua. Sogeza kimoja mbali, sogeza kingine karibu. Kwa njia hii unasikia mchanganyiko bila kupoteza hata tone. Kikikukera kwenye karatasi kitakukera kwenye shingo.

Hatua ya 6: Changanya, kisha ulaze

Kwenye kichupa kidogo kikavu tia mafuta tete peke yake, bila mafuta ya kuchanganyia. Anza na wa kubaki, kisha wa kati, mwisho wa kutangulia. Hao wepesi wanaruka hewani mdomo wa chupa ukiwa wazi, na pia wazito ndio msingi, unataka kuwasikia kwanza kabla hujawafunika. Hesabu kwa sauti. Mtu akikuita usiitike mpaka umalize, matone yakizidi huwezi kuyatoa.

Na huu sio wakati wa kuwa na chetezo pembeni. Mafuta tete yanashika moto. Kufukiza udi ni baadaye, chupa zikishafungwa.

Ziba, viringisha kichupa kati ya viganja, usikitikise kwa nguvu. Bandika jina na tarehe. Weka gizani siku tatu. Ukinusa siku ya kwanza utasikia kila mmoja anaongea peke yake, karafuu huku chungwa kule. Siku ya tatu wanaanza kusikilizana. Ikiwa karafuu bado imesimama juu ya wengine siku ya tatu, ongeza tone la ubani alafu andika.

Hatua ya 7: Tia mafuta, subiri tena

Vuta 9 ml ya mafuta ya kuchanganyia kwa sirinji kubwa, tia kwenye roloni, kisha mimina mchanganyiko wako wote. Ukipenda toboa kidonge kimoja cha vitamini E ukamulie ndani, kinachelewesha mafuta kuchacha. Elewa hapo, kinachelewesha kuchacha, hakizuii ukungu. Kama kuna maji ndani vitamini E haitakusaidia chochote.

Acha nafasi ndogo juu, huku kwetu joto likipanda mafuta yanavimba na yatasukuma gololi yamwagike kwenye mkoba. Bonyeza gololi mpaka isikike "tak", ziba.

Sasa wiki mbili kabatini, nne ikiwa una subira. Kila siku mbili tatu iviringishe mkononi kidogo. Najua utaifungua kesho kutwa, kila mtu anaifungua, lakini usiihukumu. Marashi ya wiki ya kwanza yana makali puani kama ya dawa, ya wiki ya tatu yameiva.

Utajua yameiva ukipaka kwenye mkono na usiweze tena kutaja viungo kimoja kimoja kwa haraka, unasikia harufu moja. Baada ya masaa manne matano iliyobaki ni nyembamba, ya ubani na udongo mzuri, inayosikika na mtu aliye karibu yako tu. Marashi ya mafuta hayapigi kelele mtaa mzima, ukitaka hivyo nunua ya dukani.

Hatua ya 8: Jipime kabla hujampa mtu

Paka kidogo ndani ya kiwiko, acha siku mbili bila kuosha pale kwa sabuni ukiweza. Ikiwasha, ikawa nyekundu au ikatoa vipele, pangusa kwa mafuta matupu ya kupikia na kitambaa, kisha sabuni. Maji peke yake hayatoi mafuta. Mchanganyiko huo sio wako. Na ukimpa mtu zawadi mwandikie vilivyomo, sio siri ya biashara, kuna watu wana mzio na lavenda.

Kama unawaza kuuza, hapo ni habari nyingine, vipodozi vinavyouzwa Kenya vinatakiwa vipite KEBS, shirika la viwango, kwanza.

Ya nta, kwa wasafiri

Wengine wanataka kitu kisichomwagika. Pata nta ya nyuki kwa wauza asali, iyeyushe kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka kidogo, usiweke juu ya moto moja kwa moja. Nta inayeyuka karibu nyuzi 63. Vipimo vya kwenye mtandao vingi ni vya nchi za baridi, sehemu moja ya nta kwa nne au tano za mafuta, ukifanya hivyo huku wakati wa kaskazi utakuwa na supu mfukoni. Mimi natumia gramu 10 za nta kwa gramu 25 za mafuta.

Ikishayeyuka toa motoni, subiri ianze kufanya utando mwembamba pembeni, ndio utie mafuta tete, matone 60 yanatosha kiasi hicho, yaani yale matone 20 ya mchanganyiko wa hapo juu mara tatu. Ukitia ikiwa moto sana chungwa yote inaenda na mvuke, utasikia nyumba nzima inanukia na kikopo hakina kitu. Koroga haraka, mimina kwenye vikopo, acha bila kugusa mpaka igande. Ukibonyeza kwa kidole iwe ngumu kisha ilegee kwa joto la ngozi. Ikibaki laini kama siagi, yeyusha tena kwa moto mdogo uongeze nta kidogo, utapoteza harufu kiasi.

Na hii spiriti mnayoniuliza

Spiriti ya kusafishia vidonda, spiriti ya bluu au ya zambarau ya jiko na rangi, sanitaiza, zote hapana. Zimetiwa sumu na uchungu makusudi zisinywewe, nyingine zina methanoli inayoingia mwilini kupitia ngozi na kwa kuvuta hewa. Vodka nayo watu wanaisifu lakini asilimia 60 yake ni maji, mafuta hayayeyuki humo, utapata chupa yenye mawingu na mafuta yanayoelea juu. Inayotakiwa ni ethanoli safi ya asilimia 95, na mtu wa kawaida kuipata ni kazi. Mafuta yanatosha.

Kuvaa na kutunza

Paka baada ya kuoga ngozi ikiwa imekauka lakini bado laini, na kama ngozi yako ni kavu tanguliza mafuta kidogo yasiyonukia, harufu inashika zaidi. Nyuma ya masikio, shingoni, ndani ya viwiko. Usisugue viganja pamoja kama wanavyofanya kwenye matangazo. Kwenye kanzu nyeupe usiguse, pachuli ina rangi ya chai na doa lake halitoki. Nguo zifukize udi kivyake, ngozi ipake marashi kivyake, vikikutana mwilini ndio utamu wenyewe, ila ngoja mafuta yaingie kwanza kabla hujavaa.

Chupa ziweke gizani palipo baridi. Kama nyumba yako ni ya zamani ya mawe, zidaka za ukuta wa ndani zinafaa kuliko kabati la bati, na friji pia sawa, ya nazi yataganda lakini yakitoka yanarudi. Yasikae bafuni wala dirishani. Yenye mafuta ya asmini ya kutengeneza mwenyewe tumia ndani ya miezi sita, ya jojoba tupu hata mwaka. Chungwa ndiye wa kwanza kuzeeka, kichupa chake kilichofunguliwa kikipita mwaka usikitie tena kwenye marashi, mafuta ya chungwa yaliyozeeka ndio yanaanza kuwasha watu ambao zamani hayakuwawasha. Tumia kusafishia meza.